Nta Juu ya Kidonda

Katika kanisa la zamani la Ipole, upande wa wanawake, benchi la tatu kutoka mbele lina nafasi ya watu wawili mwishoni, karibu na dirisha. Kwa zaidi ya miaka ishirini nafasi hiyo haikukaliwa. Siku za Pasaka na Noeli, watu walipojaa mpaka wengine wakasimama nje, wanawake wa benchi la tatu walibanana kuelekea katikati na kuiacha wazi. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Watoto waliozaliwa baadaye waliikuta, wakaifuata bila kuuliza, kama mtu anavyofuata njia inayozunguka mahali palipoangukiwa na mti zamani, mti wenyewe umeshaoza.

Waliokuwa wakikaa pale ni Apolinaria na binti yake Agnetha. Mama alikuwa Mkatoliki wa Nzega aliyeolewa katika ukoo wa Kimoravian, na nyimbo za watu wa mume wake aliziimba kwa kuchelewa kidogo, akisubiri kwanza kuyasikia maneno. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili walipoondoka.

Baba, Elieza, alikuwa mrina asali. Mvua zikiisha, wanaume wa Ipole huingia porini na baiskeli, ndoo na unga, wakakaa kambini majuma kadhaa wakiteremsha mizinga ya magome waliyoitundika juu ya miti. Wanawake hawafiki kambini. Anayepeleka unga huishia kwenye korongo lililo kabla ya kambi. Hutua mzigo, huita, kisha hurudi. Huko nyumbani mke wa mrina huishi kwa uangalifu. Hagombani na jirani, hagawi moto wa jiko lake jua likishazama, na zaidi ya yote halali na mwanamume mwingine. Akikosea, nyuki watajua, na pori litamrudishia mume wake kosa hilo mwilini. Mume akirudi mzima, bakuli la kwanza la asali humpa mkewe mbele za watu, na wanawake hupiga vigelegele. Bakuli hilo ndilo cheti chake.

Wazee husema desturi hiyo ilianza na wapagazi, waliopita njia za misafara kati ya Tabora na ziwa, na kati ya Tabora na pwani, wakawaacha wake zao mwaka mzima. Mpagazi akiugua safarini, wenzake hawakuuliza amekula nini. Waliuliza mke wake yuko na nani. Misafara ikaisha, pembe za ndovu zikaisha, reli ikaja ikaibeba mizigo yote. Swali hilo halikuwa na wa kulibeba, likabaki njiani.

Mwaka 1998 Elieza alirudi kutoka kambini amekonda. Homa zilimjia zikaondoka, akameza dawa za malaria, zikamjia tena. Kisha akabadilika tabia. Mchana alilala akiwa ameketi, tonge mkononi. Usiku alizunguka uani akihesabu mizinga ambayo haikuwapo. Alikuwa mtu mpole, na siku moja alimrushia mchi mama yake mzazi. Kanisani alicheka katikati ya sala, kicheko kirefu kisicho na furaha, halafu akalala papo hapo.

Watu wa Ipole hawakuwa wageni wa malale. Babu zao walihamishwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya ugonjwa huo, wakapangwa katika vijiji vilivyofyekwa pori pande zote. Jina la ugonjwa walilijua, na mbung'o anayeuambukiza walimjua kwa sauti yake kabla hajatua. Lakini hilo halikuwatosha.

"Mbung'o anatuuma wote," alisema Zablon, kaka yake Elieza na mkuu wa kambi. "Mimi ananiuma. Hilari anamuuma. Kwa nini alale huyu peke yake?"

Jibu walikuwa nalo tayari. Msimu huo lori la tumbaku lilikuwa limeharibika karibu na nyumba ya Elieza, na dereva akakaa hapo siku mbili akingojea spea. Apolinaria alimpa maji, na jioni akampa ugali. Mtu wa Nzega huyo, walisema. Kazaliwa njia panda, kazoea madereva.

Ukoo ulikaa uani, uwanja mmoja wa nyumba za Elieza na Zablon. Desturi ilikuwa na dawa yake: mke akiungama mbele ya watu, akamtaja mtu na mahali, mume hupona. Kwa hiyo, kwa macho yao wenyewe, hawakumwita Apolinaria ili wamhukumu. Walimwita ili amponye mume wake. Mama mkwe alipiga magoti mbele yake, jambo ambalo mama mkwe halifanyi.

"Sema tu, mwanangu. Hatutakugusa. Sema mtu apone."

"Sina la kusema, mama."

"Basi unataka afe."

Alikataa siku hiyo, akakataa na siku zilizofuata. Elieza aliendelea kulala. Jioni moja Agnetha alimfuata mama yake jikoni, akamshika kanga kwa nyuma.

"Mama, sema."

"Niseme nini?"

"Chochote wanachotaka. Baba aamke."

Apolinaria alimaliza kusonga ugali. Akaupakua, akaufunika, akanawa mikono. Kisha akatoka uani ukoo ulipokuwa umekaa, akasema ndiyo, alilala na yule dereva, chumbani kwake, usiku wa pili. Walimuuliza jina la mwanamume huyo. Hakulijua, akataja la kwanza lililomjia.

Elieza hakuamka. Walipomkimbiza hospitali, baada ya maungamo kushindwa, alikuwa haitiki tena jina lake. Matanga yalipoanuliwa, Apolinaria alipewa sanduku lake na mtoto wake, akasindikizwa hadi barabarani kusubiri basi. Hakuna aliyemtukana. Hapakuwa na haja, maana alikuwa amejihukumu kwa mdomo wake.

Nzega walipanga chumba nyuma ya stendi. Apolinaria alipika uji na mihogo kwa ajili ya makuli na abiria wa asubuhi, na Agnetha alikwenda shule akinuka moshi. Katika chumba kile kimoja walikaa miaka mingi bila kulitaja lile neno la jikoni. Walizungumza juu ya kuni, mitihani, viatu, majirani. Neno lile lilikaa nao kama mgeni asiyekaribishwa wala kufukuzwa.

Agnetha alipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa baiolojia alichora ubaoni inzi mwenye mabawa yaliyopandana kama mkasi uliofungwa. Akaeleza homa, akaeleza usingizi wa mchana, akaeleza watu wapole wanaogeuka wakali. Agnetha alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mke wa mgonjwa anaingia wapi?"

"Anaingia jikoni, ampikie mgonjwa," mwalimu alisema, na darasa zima likacheka.

Jioni alimsimulia mama yake yote: inzi, damu, ubongo. Apolinaria alikuwa akichagua mawe kwenye maharage na hakuinua kichwa.

"Najua," alisema.

"Ulijua kuhusu vijidudu?"

"Nilijua sikufanya. Hayo mengine sikuyahitaji."

Agnetha alikaa karibu yake akachagua mawe naye. Alitaka kuongeza sentensi moja, na hakuiongeza. Watu waliomjua miaka hiyo husema alikuwa msichana asiye na marafiki wengi na asiye na maadui. Alisoma kama mtu anayechimba kisima mahali anapojua maji yapo. Alipelekwa shule ya wasichana Tabora mjini kwa kidato cha tano na sita, kisha Dar es Salaam kusomea udaktari. Hakuna msichana wa Ipole aliyekuwa amefika huko kabla yake. Ipole haikujua, kwa sababu Ipole ilikuwa imeacha kumhesabu.

Alirudi Tabora kwa mwaka wa mafunzo ya kazi, na hapo wodini akawakuta warina asali. Hawakuwa wengi, labda mmoja kwa miezi miwili, lakini wote walifika wakiwa wamechelewa kwa namna moja. Aliwauliza swali ambalo kila daktari huuliza: ugonjwa ulianza lini? Wanaume waliokonda kama fito, ambao ndugu zao walilazimika kuwafumbua macho ili wanywe maji, walijibu neno moja.

"Jana."

Madaktari wenzake walicheka kidogo, wakaandika kwamba mgonjwa hana kumbukumbu. Agnetha naye aliandika hivyo mara mbili. Mara ya tatu alikuja mrina mwenye akili timamu kabisa, aliyeweza kutaja majina ya watoto wake wote na bei ya nta, naye akasema jana. Agnetha alimtazama mke wake, aliyesimama mlangoni bila kuingia. Mwanamke yule alikuwa akitazama chini, akiviringisha ncha ya kanga kidoleni, na Agnetha aliijua hali ile.

Alipofika kwenye masomo ya uzamili, aliyemsimamia utafiti alikuwa Profesa Majidi, Mzaramo wa Kisarawe, mtu wa karibu kustaafu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na profesa hakuacha haki yake ipotee.

"Mpagazi," alimwita akiwa bado mlangoni, "leo umeleta mzigo gani?"

"Uleule mliotutwika, mtani, halafu mkabaki pwani mnakula nazi."

Profesa alisoma kurasa zake, akavua miwani.

"Hapa unataka kuuliza wagonjwa walimwambia nani kwanza, na kwa nini hawakusema mapema. Hii si tiba. Huu ni umbea."

"Ni umbea unaoua, Profesa."

"Wanachelewa kwa sababu ya umbali. Hilo limeandikwa na wengi."

"Wengi hao walifika kwa gari. Mrina asali anaendesha baiskeli kutoka porini hadi Sikonge kuuza asali, na zahanati iko karibu na soko. Umbali huo unamzuia kwenda zahanati tu, sokoni haumzuii?"

Profesa Majidi alivaa tena miwani, akaurudia ukurasa ule.

"Ukirudi na mikono mitupu," alisema hatimaye, "siku ya kufa kwako nitakuja msibani, nilale juu ya jeneza lako nidai kilemba changu cha utani."

"Karibu. Uje na nazi."

Agnetha hakumwambia profesa lile la uani, wala lile la jikoni. Katika andiko lake aliandika tu kwamba anaifahamu jamii husika.

Aliingia Ipole mwezi wa Juni, akiwa na miaka thelathini na sita, kwa gari lenye hadubini, masanduku ya vipimo na hema. Watoto walilikimbilia gari. Watu wazima walimwona mwanamke wa mjini, mrefu, mwenye nywele fupi, hawakumjua. Zablon alikuwa mbele ya nyumba yake akinoa panga. Alikuwa bado mkuu wa kambi, mzee sasa, skafu ya sufu imezungushwa shingoni ijapokuwa jua lilikuwa limeshapanda.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba." Alimtazama kwa muda. "Wewe wa nani?"

"Wa Elieza."

Panga lilisimama juu ya jiwe. Baadaye mtu alileta kigoda, Agnetha akaketi, akaletewa maji, akanywa. Bibi yake, yule aliyepiga magoti, alikuwa amefariki zamani. Agnetha alieleza kazi iliyomleta: kupima damu za warina wote kambini, mapema, kabla ugonjwa haujapanda kichwani.

"Daktari mwanamume hayupo?" Zablon aliuliza.

"Yupo, ana wagonjwa wake. Nimekuja mimi."

"Mwanamke hafiki kambini. Wewe katika watu wote unajua."

"Najua. Sitafika. Nitakaa korongoni."

Hilo hawakuwa wamejiandaa kulikataa. Mwanamke kukaa korongoni hakukuwa kinyume cha desturi. Hakuna tu aliyewahi kufanya hivyo kwa zaidi ya muda wa kutua mzigo. Wanaume walipohamia kambini, Agnetha naye alihama, yeye na muuguzi na dereva, wakapiga hema upande huu wa korongo, mahali ambapo mama yake aliwahi kusimama na unga kichwani na kuita.

Wanaume walivuka mmoja mmoja, wakipunga matawi kufukuza mbung'o. Wa kwanza alikuwa Hilari, mzee mfupi mwenye meno machache na maneno mengi.

"Daktari, ukinitoboa itatoka asali, si damu."

"Itoke, nina mkate. Baba Hilari, una kidonda mahali popote?"

"Ninacho moyoni, tangu mama Doto aanze kupika bila chumvi."

"Mwilini?"

"Mwilini ni mzima kama jiwe."

Na wote walikuwa wazima kama jiwe. Walikunja mikono ya mashati hadi kwenye kiwiko, si zaidi. Waliulizwa homa, wakasema hapana, kichwa, hapana, kidonda, hapana. Kila mmoja alipojibu alitupa jicho nyuma, kambini, kuona nani anamtazama. Vijana wawili walikataa hata kudungwa kidole. Siku kadhaa zilipita hivyo, na utafiti wa Agnetha ukawa na majibu yaleyale ya wodini, yamehama tu mahali.

Hilari alizoea kuja jioni kuomba chai. Agnetha aliacha kumuuliza juu ya mwili wake.

"Baba Hilari, si wewe. Mtu akipata kidonda kambini, kile cha mbung'o, anafanyaje?"

"Anapaka nta."

"Nta inatibu?"

"Haitibu kitu. Inaficha. Ukiipasha moto kidogo ukaibandika, ukapaka na vumbi, inafanana na ngozi. Mtu akikiona kidonda atauliza. Akishauliza, mke wa mtu ameshatajwa."

"Hata kama mke hana kosa?"

"Hasa kama hana kosa, binti yangu. Mwenye mke malaya angekionyesha mchana kweupe, mke aungame, yeye apone." Alicheka peke yake. "Anayempenda mkewe ndiye anayepaka nta."

Chai ilipoa mkononi mwa Agnetha.

"Na baba yangu?"

Hilari aliacha kucheka. Alijishika nyuma ya shingo, chini ya kisogo.

"Hapa. Na ilipakwa vizuri sana ile, maana mahali hapo mtu hajifikii mwenyewe. Alipakwa." Akanyoosha kidevu kuelekea ng'ambo ya korongo, alikokaa Zablon. "Mimi sikuona akipakwa. Ila tulikuwa wachache, na wawili walikuwa ndugu."

Usiku huo Agnetha hakuandika chochote. Lililokuwa mbele yake sasa lilikuwa jambo rahisi na zito. Mtu anayeitwa peke yake aseme kama ni mgonjwa, anaitwa kumsaliti mke wake; atasema hapana mpaka alale. Basi asiitwe yeyote peke yake. Asubuhi alimwomba Zablon aje ukingoni, akazungumza naye kutoka upande wake wa korongo, wanaume wengine wakisikia. Alisema hatauliza tena swali hata moja. Atapima kila mtu siku moja, mwenye homa na asiye na homa, mkuu na mpishi, mashati yote chini. Na siku hiyohiyo muuguzi atakuwa kijijini akiwapima wake zao wote, kwa sababu mbung'o yuko hata kwenye njia ya kisimani na hachagui nani ana ndoa.

"Mashati yote?" Zablon aliuliza.

"Mkuu anaogopa sindano," Hilari alisema kwa sauti ya kusikika. "Nyuki elfu hawaogopi, sindano moja ya mtoto wa Elieza inamtetemesha."

Wanaume walicheka. Zablon alipoona wanacheka, alikubali.

Walivuka wote kwa pamoja, wakavua mashati kama watu wanaokwenda kuoga, wakitaniana juu ya mbavu na vitambi. Zablon alivua shati, skafu akabaki nayo. Agnetha hakumgusa. Alichukua tone la damu kidoleni kama kwa wenzake, akaingia hemani kwenye hadubini. Katika damu ya watu wengi hakuona kitu. Katika damu ya kijana mmoja, na katika damu ya Zablon, vijidudu vilikuwa vikijinyonganyonga katikati ya chembe za damu, vikizisukuma huku na huku kama samaki wadogo wanaosukuma majani juu ya maji.

Alimwita Zablon ndani ya hema wakati wengine wakivaa.

"Baba mkubwa, una malale kwenye damu."

"Sina."

"Naomba nione shingo."

Mzee alikaa, hakuitoa skafu. Nje Hilari alikuwa akiimba.

"Mke wangu ana wajukuu kumi na mmoja," alisema. "Ni kiongozi wa akina mama kanisani. Watamcheka mpaka kaburini."

Agnetha aliifungua skafu mwenyewe. Nta ilikuwa chini ya kisogo, imeshikana na vumbi, na pembeni imeanza kubanduka. Aliipasha moto kwa kidole gumba, akaibandua polepole, na kidonda kikaonekana, chekundu, kimevimba, kipana kama kifuniko cha chupa.

"Hivi ndivyo ulivyompaka baba?"

Zablon aliichukua skafu, akaikunja magotini.

"Aliniomba. Alisema, kaka, funika, watamsema mama Agnetha. Nikafunika."

"Ulijua hivyo, halafu ukakaa uani ukamuuliza mama."

"Nilifikiri, mtu hafichi kitu ambacho hakipo. Kama alimficha mkewe, basi alijua jambo juu yake."

"Na wewe unayemficha mke wako, unajua jambo gani juu yake?"

Zablon alimtazama. Mkono wake ulikwenda shingoni mahali pasipokuwa na nta tena, ukakaa hapo.

Agnetha hakumdai kitu siku ile. Aliwapandisha yeye na yule kijana kwenye gari, akawafikisha hospitali, na maji ya uti wa mgongo yalipopimwa ikaonekana vijidudu havijafika kichwani. Wote wawili walitibiwa, wakapona. Mke wa Zablon alikuwa amepimwa kijijini siku ileile na wanawake wenzake wote, kwa foleni, wakilalamikia jua. Mume wake alipoonekana na ugonjwa, hapakuwa na aliyejua aanzie wapi kumcheka.

Mwisho wa mwaka Agnetha alirudi Ipole peke yake.

"Baba mkubwa, umepona. Sasa nina ombi. Maneno ya mama yangu yalisemwa katika uwanja huu. Naomba yaondolewe katika uwanja huu."

"Waliosikia wengi wamekufa."

"Wewe hujafa."

Walioitwa walikuwa Hilari na shangazi mmoja asiyesikia vizuri. Zablon alisimama. Alisema kwamba Elieza aliumwa na mbung'o, kwamba yeye mwenyewe alikifunika kidonda, na kwamba Apolinaria alisema alichosema kwa sababu walimwambia mumewe atapona. Shangazi aliomba yarudiwe, yakarudiwa kwa sauti kubwa zaidi, wapita njia wakasikia. Kisha Zablon aliingia ndani akatoka na ndoo ya asali, iliyofungwa kitambaa mdomoni.

"Hii ilikuwa haki yake mwaka ule. Mpelekee."

Nzega, Apolinaria aliisikiliza habari yote akiwa amesimama, mwiko mkononi.

"Alisema mbele ya nani?"

"Watu wawili. Na waliopita njiani."

"Mimi niliungama uwanja umejaa." Alifungua kitambaa, akaitazama asali. Hakuionja. "Wanataka nirudi?"

"Baba mkubwa amesema nafasi ipo."

"Nafasi ilikuwapo siku zote. Sirudi."

Agnetha alikaa kwenye kigoda. Sentensi aliyoibeba tangu utotoni ilitoka bila yeye kuitafuta.

"Mama, mimi ndiye niliyekuambia useme."

"Nakumbuka."

"Wao ungewashinda. Mimi ndiye uliyeshindwa kunikatalia. Nisamehe."

Apolinaria alikoroga uji usishike chini.

"Ulimtaka baba yako aamke," alisema. "Hata mimi nilimtaka. Nilipokuwa natoka jikoni, nilifikiri, labda hawa watu wanajua, labda ataamka kweli." Akaonja chumvi. "Lete vikombe, watu wa basi wanakuja."

Wiki ile aliitia asali yote kwenye chupa, akaiuza pale stendi.

Profesa Majidi alisoma matokeo, akaona kwamba walioitwa peke yao walificha na waliopimwa pamoja hawakuwa na cha kuficha, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: umbea umekubaliwa. Utaratibu wa kupima warina wote na wake zao siku moja umefuatwa na kambi nyingine mbili za Sikonge. Desturi yenyewe haijafa. Wanawake bado hawafiki kambini, na bado wapo wanaouliza, mtu akiugua, mke wake yuko na nani, ingawa huuliza kwa sauti ya chini zaidi. Jumapili moja mke wa Zablon aliketi kwenye nafasi ile ya benchi la tatu, karibu na dirisha, na Jumapili iliyofuata wengine wakaketi naye.

Daktari Agnetha Elieza anaishi Cheyo, Tabora mjini, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu, pamoja na mama yake, ambaye hajakanyaga Ipole tena. Huu ni mwezi wa Juni, na Agnetha yuko korongoni.